Mwomba Kazi Si Mwomba Sadaka

Kiswahili hutumia neno moja kwa mambo mengi. Mwumini humwomba Mungu, maskini huomba sadaka mlangoni, na kijana aliyemaliza masomo huomba kazi. Maneno yamefanana, lakini mambo yenyewe ni tofauti. Anayeomba sadaka hana cha kutoa ila dua. Anayeomba kazi huja na nguvu zake, elimu yake na muda wake, na kampuni inayozihitaji nguvu hizo haimfanyii hisani inapomwajiri. Inanunua kitu ambacho bila hicho mashine zake zingepata kutu na mashamba yake yangegeuka pori.

Pamoja na ukweli huo, makampuni mengi nchini yamejijengea desturi ya kumtazama mwomba kazi kama mwomba sadaka. Huitwa kwa haraka na kuachwa akingoja. Huulizwa yasiyohusu kazi na kufichwa yanayoihusu. Mwisho wa yote hurudishwa nyumbani bila jibu, naye hujihesabu kuwa hana haki hata ya kuuliza. Desturi hiyo haifai, inakwenda kinyume cha sheria za nchi, na madhara yake hayaishii kwa kijana mmoja aliyekosa kazi.

Ili jambo hili lieleweke vizuri yafaa kulitazama kutoka mahali ambapo gharama yake ni kubwa zaidi, nako ni vijijini. Chukua mfano wa kata ya Zombo, katika wilaya ya Kilosa, jimbo la Mikumi. Kama zilivyo kata nyingi za wilaya hiyo, Zombo ni kata ya wakulima, na mapato ya kaya hutegemea mahindi, mpunga na ufuta. Kijana wa huko anayemaliza kidato cha nne, au anayerudi na cheti cha ufundi, na ambaye hataki kutegemea jembe peke yake, hutazama pande chache. Upande wa Kidodi na Ruaha kuna mashamba ya miwa na viwanda vya sukari. Kimamba kuna mashamba ya mkonge. Mikumi kuna hoteli na kambi zinazohudumia watalii waendao katika Hifadhi ya Taifa iliyoanzishwa mwaka 1964. Kuanzia mwaka 2018, ujenzi wa kipande cha reli ya kisasa kutoka Morogoro hadi Makutupora, kinachopita wilayani humo, nao ulivuta vijana wengi. Mwezi Agosti 2024 kiwanda cha sukari cha Mkulazi kilizinduliwa huko Mbigiri, wilayani humo humo, na matumaini mapya yakazaliwa.

Kwa hiyo haiwezi kusemwa kwamba wilaya hiyo haina waajiri. Wako, na wengine ni wakubwa. Swali la leo si idadi ya nafasi walizo nazo. Nafasi haziwezi kumtosha kila mtu, na kila mwenye akili timamu analijua hilo. Swali ni jinsi anavyotendewa yule anayejitokeza kuzitafuta, awe amepata au amekosa, na halihusu mwajiri mmoja wala wilaya moja.

Kabla kijana huyo hajafika kwenye lango la kampuni yoyote, amekwisha kutumia fedha. Amekwenda kwa mtendaji wa kijiji kuchukua barua ya utambulisho. Amepiga picha ndogo za kubandika kwenye fomu. Amesafiri hadi mjini kutoa nakala za vyeti, na nakala hizo zikapelekwa kwa wakili ili zigongwe muhuri. Akiitwa kwenye usaili, hana budi kupata nauli ya kwenda na kurudi, chakula cha njiani, na pengine mahali pa kulala, kwa kuwa usaili unaoanza saa mbili asubuhi haumngoji mtu anayetoka mbali. Mtumishi wa mshahara anaweza kuziona gharama hizo kuwa ndogo. Kwa kaya ya mkulima hilo ni gunia la mahindi lililouzwa kabla ya wakati wake, wakati bei bado ni mbaya. Mara nyingi mwenye gunia hilo ni mama yake.

Basi na yatazamwe yale anayokutana nayo kijana huyo baada ya gunia kuuzwa.

La kwanza ni tangazo lisilosema kitu. Matangazo mengi ya kazi hutaja sifa ndefu za mwombaji, lakini hayataji idadi ya nafasi, hayataji mshahara, wala hayasemi kama kazi ni ya kudumu au ya msimu. Mwombaji hutakiwa kujieleza tangu alipozaliwa, ilhali mwajiri hajieleza hata kidogo. Matokeo yake ni kwamba mtu husafiri siku nzima kwenda kugundua kwamba nafasi zilikuwa mbili, na kwamba ujira wake haufikii hata kodi ya chumba karibu na kiwanda. Angelijua hayo mapema, angelibaki nyumbani na gunia lake.

La pili ni usaili wa kuzuga. Kuna nafasi ambazo mwenyewe amekwisha kupatikana kabla ya tangazo kubandikwa. Ni mpwa wa meneja, au ni mtu aliyeletwa na mkubwa fulani. Tangazo hutolewa ili majalada yaonekane yamekamilika. Waombaji 50 au 100 huitwa kuja kusindikiza harusi ambayo mahari yake ilikwisha kulipwa. Huo ni wizi, hata kama hakuna aliyetia mkono mfukoni mwa mwingine, kwa sababu nauli za watu hao zimepotea kwa udanganyifu wa makusudi.

La tatu ni langoni. Kwa kazi za vibarua na za msimu, utaratibu wa kuajiri katika maeneo mengi ni watu kusimama nje ya geti tangu alfajiri, kisha msimamizi akatoka na kunyosha kidole: wewe, wewe na wewe. Hakuna orodha na hakuna maelezo. Mahali ambapo kidole cha mtu mmoja ndicho kinachoamua nani atakula leo, kitu kidogo hakikosi kuota mizizi. Mwenye kutoa huchaguliwa, asiyetoa huambiwa arudi kesho, na kesho hiyo haina mwisho. Kwa wanawake hali ni mbaya zaidi, maana wapo wasimamizi wanaodai malipo ambayo kuyataja ni aibu. Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007, katika kifungu chake cha 25, imelifanya kuwa kosa la jinai jambo la mwenye mamlaka kudai ngono ili atoe ajira. Si utani wa kazini wala mazoea ya mjini. Ni jinai.

La nne ni maswali yasiyohusika. Msichana huulizwa kama ameolewa, kama ana mchumba, kama ana mimba au anatarajia kuipata karibuni. Kijana huulizwa kabila lake na anasali wapi. Mwenye ulemavu hutazamwa miguu kabla ya vyeti. Wanaouliza hudhani wanafanya uchunguzi wa busara kwa faida ya kampuni, na waulizwao hujibu kwa woga.

La tano ni kazi ya bure inayoitwa majaribio. Mwombaji huambiwa afanye kazi siku tatu au wiki nzima ili uwezo wake uonekane. Huosha vyombo vya hoteli, hubeba mizigo, huandika hesabu. Siku zikiisha huambiwa hakufaa, na mwingine huitwa kuanza majaribio yake. Mwajiri wa namna hiyo anaweza kumaliza msimu mzima bila kulipa mshahara wa nafasi moja. Wazee walikuwa na jina la mdudu anayeishi hivyo, nalo ni kupe.

La sita, ambalo ndilo la kawaida kuliko yote, ni kimya. Mwombaji huambiwa, “Tutakupigia.” Hununua vocha ili simu isizimike, hukataa kibarua kingine kwa kuhofia kuwa ataitwa wakati hayupo, na hupitisha msimu wa kupanda akiwa na mguu mmoja shambani na mwingine barabarani. Simu haiji. Hakuna barua inayosema amekosa, wala tarehe ya kumwambia kwamba sasa asingoje tena. Kukosa kazi ni jambo analoweza kulistahimili mtu mzima yeyote. Kuachwa bila kujua kama umekosa ni dharau.

Nchi hii inayo kumbukumbu ya desturi za namna hiyo, na wilaya ya Kilosa, yenye mashamba ya mkonge tangu zama za ukoloni, inayo zaidi ya nyingine nyingi. Mwaka 1944 wenye mashamba ya mkonge wa Tanganyika waliunda ofisi yao ya kuandikisha wafanyakazi, ambayo wananchi waliijua kwa jina la SILABU. Watu walichukuliwa kutoka Kigoma, Songea, Njombe na kwingineko, wakakaguliwa miili, wakapewa namba na kusafirishwa hadi mashambani. Kutokana na namba hizo wakaitwa manamba. Ujira wao ulihesabiwa kwa kipande cha siku 30 za kazi, na siku ambayo mtu hakumaliza kazi aliyopimiwa haikuhesabiwa. Manamba hakuwa na la kuuliza. Aliambiwa aende wapi, akafanye nini, na apate nini. Uhuru ulipopatikana mwaka 1961, mojawapo ya mambo ambayo wafanyakazi walitarajia yafe ni hilo la mtu kuhesabiwa kama mzigo.

Halikufa kwa siku moja. Mwaka 1971, Mwongozo wa TANU ulilazimika kuonya waziwazi juu ya viongozi wenye majivuno na dharau kwa wale walio chini yao, na wafanyakazi wa viwanda vingi waliutumia waraka huo kuwakumbusha mameneja kwamba cheo ni dhamana. Mwongozo ulizungumzia wale waliokwisha kuwa kazini. Lakini dharau haichagui mahali pa kuanzia. Meneja asiyemwona mtu katika yule aliyesimama nje ya lango hatamwona mtu katika yule yule siku atakapoingia ndani.

Kuhusu sheria, mambo yako wazi kuliko wengi wanavyodhani. Katiba ya Jamhuri ya Muungano, katika ibara ya 22, inatambua haki ya kila mtu ya kufanya kazi. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini, Namba 6 ya mwaka 2004, inakwenda mbali zaidi. Kifungu chake cha 7 kinamtaka kila mwajiri akuze fursa sawa kazini, na kinakataza ubaguzi wa kabila au mahali mtu atokako, rangi, dini, maoni ya kisiasa, jinsia, mimba, hali ya ndoa, ulemavu, umri na mengineyo. Jambo ambalo watu wengi hawalijui ni hili: kwa madhumuni ya kifungu hicho, neno mfanyakazi linamjumuisha na mwomba kazi. Na taratibu za ajira zinazotajwa humo zinajumuisha matangazo, vigezo vya uteuzi na namna ya kuajiri.

Maana yake ni kwamba ulinzi wa sheria haungoji mkataba utiwe saini. Unaanza siku tangazo linapobandikwa. Msichana anayeulizwa habari za mimba katika chumba cha usaili amekwisha kuwa chini ya sheria hiyo, na aliyemwuliza naye vilevile. Zaidi ya hayo, sheria inasema kwamba mlalamikaji akionyesha dalili za msingi za kubaguliwa, ni juu ya mwajiri kuthibitisha kwamba hakubagua. Malalamiko hupelekwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, na kwa migogoro isiyokuwa ya kuachishwa kazi muda uliowekwa ni siku 60. Sheria hiyo haimnyimi mwajiri nafasi ya kuchagua. Sifa zinazotokana na mahitaji halisi ya kazi si ubaguzi: dereva lazima awe na leseni, na mpishi lazima ajue kupika. Kinachokatazwa ni kumpima mtu kwa mambo yasiyopika wala kuendesha.

Vyeti navyo vina ulinzi wake. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika mwezi Mei 2023, inamtaka anayekusanya taarifa za watu azitumie kwa shughuli aliyozikusanyia na azihifadhi kwa usalama. Kampuni inayopokea mamia ya maombi yenye majina, tarehe za kuzaliwa, namba za vitambulisho na picha, kisha ikayatupa hovyo hadi karatasi zake zikaonekana sokoni zikifungia karanga, haijafanya uzembe mdogo. Imeziuza siri za watu kwa bei ya karanga.

Waajiri wanayo majibu yao, na haki inataka yasikilizwe. Wa kwanza atasema kwamba udanganyifu wa waombaji ni mwingi, kwa hiyo ukali ni wa lazima. Ni kweli kwamba udanganyifu upo. Uhakiki wa vyeti vya watumishi wa umma, ambao taarifa yake ilikabidhiwa kwa Rais John Magufuli mwezi Aprili 2017, ulikuta watumishi 9,932 wenye vyeti vya kughushi. Mwajiri ana haki kamili ya kuhakiki kila karatasi. Lakini kuhakiki ni kazi ya macho na kumbukumbu. Hakuna cheti cha kughushi kilichowahi kugunduliwa kwa kumsimamisha mtu juani saa sita, au kwa kumnyima jibu.

Wa pili atasema kwamba waombaji ni wengi mno na haiwezekani kumjibu kila mmoja. Jibu la hoja hiyo limekwisha kutolewa na Serikali yenyewe, tena baada ya kujifunza kwa shida. Mwezi Juni 2014, zaidi ya waombaji 10,000 walikusanywa katika Uwanja wa Taifa, Dar es Salaam, kufanyiwa usaili wa nafasi 70 za Idara ya Uhamiaji. Picha za umati ule ziliwashtua wananchi, na zilistahili kuwashtua. Miaka 11 baadaye, mwezi Machi 2025, Mamlaka ya Mapato Tanzania ilikuwa na nafasi 1,596 na waombaji waliozidi 135,000. Walioitwa kwenye usaili wa maandishi walizidi 112,000, nao waliufanya katika vituo vya mikoa mbalimbali badala ya wote kusafirishwa hadi mahali pamoja. Idadi ya nafasi ilijulikana, idadi ya waombaji ilitangazwa, na orodha za majina zilibandikwa hadharani. Waliokosa walikuwa wengi kupindukia, na uchungu wao haukuwa mdogo, lakini angalau walijua walikuwa wangapi na waligombea nini. Ikiwa hesabu ya watu 135,000 inaweza kutolewa hadharani, kampuni yenye waombaji 300 haina udhuru.

Tena teknolojia imeuondoa udhuru huo kabisa. Makampuni yale yale yanayosema hayana uwezo wa kuwajibu waombaji hutuma ujumbe wa simu kwa maelfu ya wateja kila sikukuu kuwatakia heri na kuwauzia bidhaa. Ujumbe wa kusema “Nafasi zimejaa, ahsante kwa maombi yako” hauna maneno kumi. Na pale ambapo hata ujumbe ni taabu, karatasi moja iliyobandikwa kwenye lango na nyingine kwenye ofisi ya kata inatosha.

Wa tatu atasema kwamba gharama za vyeti na mihuri si za kampuni, na kwamba anayetaka kazi ajitegemee. Majirani wa Kenya walilifikiria jambo hilo kwa namna nyingine. Huko waombaji walikuwa wakidaiwa hati za kuthibitisha kwamba hawana makosa ya jinai, hawadaiwi kodi, hawadaiwi mikopo ya elimu na kadhalika, kila hati na ada yake, kabla hata ya kuitwa. Mwaka 2022 Kenya ilirekebisha Sheria ya Ajira ili mwajiri asidai hati hizo mpaka awe amekwisha kumpa mtu ahadi ya kazi. Kwa mabadiliko hayo madogo, gharama iliondolewa juu ya mabega ya maelfu wanaokosa na kubaki kwa wachache wanaopata. Hakuna sababu ya makampuni ya Tanzania kungoja sheria ya namna hiyo. Nakala ya kawaida isiyo na muhuri inatosha kwa mchujo wa kwanza. Muhuri wa wakili na asili ya cheti viletwe na yule aliyechaguliwa. Na asili hiyo ikaguliwe mbele ya mwenyewe na irudishwe mkononi mwake siku hiyo hiyo, kwa sababu cheti kilichofungiwa katika kabati la kampuni humfanya kijana kuwa mfungwa asiyeweza kuomba kazi kwingine.

Aidha, ieleweke wazi kwamba kazi hainunuliwi. Mkataba Namba 181 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1997, umeweka kanuni kwamba wakala binafsi wa ajira hapaswi kumtoza mtafuta kazi ada yoyote, isipokuwa katika hali maalumu zilizoruhusiwa na mamlaka. Anayehitaji kuhudumiwa na wakala ni mwajiri, na mwajiri ndiye wa kulipa. Mtu yeyote anayepita vijijini akikusanya fedha za “fomu” au za “kuandikishwa” kwa kazi za mjini au za ng’ambo aripotiwe kwa mtendaji na kwa Polisi kabla hajapanda basi.

Yanayotakiwa kwa waajiri, basi, ni machache na hayana gharama kubwa. Tangazo litaje idadi ya nafasi, ujira, muda wa kazi na tarehe ambayo matokeo yatatolewa. Nafasi ambayo mtu wake amekwisha kupatikana isitangazwe. Usaili wa kazi zisizohitaji utaalamu mkubwa ufanyike katika kata au tarafa wanakotoka waombaji, maana gari la kampuni kwenda Zombo mara moja ni rahisi kuliko watu 80 wa Zombo kwenda kwenye kampuni. Uchaguzi wa vibarua uwe kwa orodha iliyoandikwa na kubandikwa, na msimamizi wa zamu asiwe ndiye peke yake mwenye kalamu. Majaribio yalipwe kama kazi, kwa sababu ni kazi. Na kila aliyeomba apate jibu.

Lakini waajiri hawatabadilika kwa kusomewa tu. Maafisa Kazi wanao uwezo wa kisheria wa kuingia mahali pa kazi na kukagua, na yafaa ukaguzi huo usiishie kwenye mikataba ya walioajiriwa. Waulize pia: mliajirije? Tangazo liko wapi? Nani aliomba, na alijibiwa lini? Afisa Kazi anayefika wilayani mara chache kwa uhaba wa usafiri hawezi kuona kila kitu. Kwa sababu hiyo watendaji wa kata na vijiji wana sehemu yao. Mtendaji anayeandika barua za utambulisho 40 kwa vijana wa kata yake anajua ni nani alikwenda wapi. Anaweza kuweka daftari la kumbukumbu hizo, anaweza kuiandikia kampuni kuulizia matokeo kwa niaba ya wote, na anaweza kukataa kubandika kwenye ubao wa kijiji tangazo lisilotaja idadi ya nafasi wala ujira. Ubao wa kijiji ni mali ya umma. Asiyeheshimu watu wa kijiji asipewe nafasi juu yake.

Walimu nao wanahusika, pengine kuliko wote. Kwa miaka mingi mwalimu wa kijijini amemshawishi mzazi asimwachishe mtoto shule kwa kumwambia kwamba elimu ina matunda. Mzazi huyo hasomi takwimu za ajira. Husoma maisha ya kijana wa jirani. Akiona kijana aliyefaulu anakwenda mara tano kwenye malango ya makampuni na kurudi mara tano bila hata karatasi ya kusema hapana, huamua kwamba shule ni hadithi, na hoja ya mwalimu huanguka. Hivyo kampuni inayonyamaza inabomoa kwa siku moja kile ambacho mwalimu amekijenga kwa miaka saba.

Kwa sababu hiyo ni vyema vijana wa madarasa ya mwisho wafundishwe zaidi ya namna ya kuandika barua ya kuomba kazi yenye anwani mbili na salamu nzuri. Wafundishwe kwamba mwombaji naye anaruhusiwa kuuliza: nafasi ni ngapi, ujira ni kiasi gani, matokeo ni lini. Wafundishwe kutokuacha cheti cha asili mahali popote bila stakabadhi. Wafundishwe kifungu cha 7 kwa lugha nyepesi, na mahali ilipo ofisi ya Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Kijana anayejua hayo haendi kugombana na mwajiri. Anakwenda akiwa amesimama wima, na mwajiri mwenye busara humpenda zaidi mtu wa namna hiyo kuliko anayetetemeka.

Wala isidhaniwe kwamba faida ya mwenendo mwema ni ya waombaji peke yao. Nyota njema huonekana asubuhi. Mfanyakazi huijua kampuni yake kwanza kutoka langoni, na yale aliyoyaona hapo huingia nayo ndani. Aliyepata kazi kwa kutoa kitu kidogo atatafuta mahali pa kukirudisha. Aliyeingia kwa jina la mjomba hatamheshimu msimamizi asiye mjomba. Aliyedanganywa mshahara atatoroka mwezi wa pili, na kampuni itaanza upya kutafuta. Mwajiri anayelalamika kwamba vijana hawana uaminifu ajiulize kwanza wao walionyeshwa uaminifu gani siku ile ya kwanza.

Waliokosa ni wengi daima kuliko waliopata, na hao ndio watakaorudi vijijini na kuisimulia kampuni hiyo miaka yote. Ndio majirani wa mashamba yake, ndio wateja wa bidhaa zake, na siku shamba la miwa litakaposhika moto usiku ndio watakaoitwa kusaidia kuuzima. Kampuni inayotaka waitike siku hiyo inapaswa kuwajibu leo.